Kamba ya Mafundo Manne

Nilibadilisha kamba. Nianze na hilo, usije ukanisoma mpaka katikati ukidhani mimi ni mtu mzuri. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimesimama mtoni, maji yananifika mapajani, mvua inanipiga kisogoni. Nikafungua kamba yenye mafundo manne kwenye kikapu kimoja, nikaifunga kwenye kikapu kingine, halafu nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Hakuna aliyeniona. Nilidhani ule ungekuwa mchezo wangu bora kuliko yote, na nilikuwa na michezo mingi: chura kwenye kofia ya katekista, pilipili kwenye kiko cha jirani, mengine sikutajii kwa sababu bado nasoma shule ya mapadri.

Jumamosi iliyopita mama mmoja wa Mboko alikuja nyumbani kwetu kuchukua unga. Akanikuta mbele ya mlango, nimekaa kwenye kigoda, nakula bugali mtupu, bila samaki, bila hata sombe ya majani ya muhogo, huku magunia yake bado yamefungwa. Akapiga makofi. "Ee, angalia huyu! Kijana muzima anakula mbele ya bageni! Nani alikulea we?" Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, mdomo umejaa. Mji mzima wa Baraka unajua desturi yangu hiyo na wanaiona ni moja ya vituko vyangu. Mama yangu peke yake hakucheka. Alingoja nimeze, kisha akafungua gunia la kwanza.

Ndiyo maana nakuandikia. Kucheka kule kulinirudisha kwenye masika yale ya kamba.

Nyumba yetu iko pale njia inapoanza kupanda kutoka Baraka kwenda Fizi. Asubuhi jua linatoka ziwani na kuingia moja kwa moja mlangoni. Jioni linazama nyuma ya milima mapema, kama mtu aliyechoka na sisi. Zamani, kabla hujafika kwetu ulitusikia, maana vinu vitatu vilikuwa vikilia kwa zamu. Na kabla hujatusikia ulitunusa. Mihogo michungu inapokaa majini siku nne inatoa harufu ambayo wageni hufunga pua, lakini mimi hata leo nikiinusa naona njaa. Tulikuwa na shamba la pamba pia, kama kila mtu, kwa sababu mzungu wa pamba alikuja kupima mistari, magoti yake mekundu kama nyanya, na aliyekuwa na mistari michache alijua kitakachompata. Pamba ilikuwa ya serikali. Mihogo ilikuwa yetu. Mama aliipanda, aliing'oa, aliiloweka, aliikausha, aliitwanga, na wavuvi wa Mboko na wapita njia wa barabara ya Uvira walijua unga wake kwa weupe. Baba alikuwa bandarini Albertville. Alikuja mara moja kwa mwaka, na shati jipya na maneno machache.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyesuka vikapu. Vikapu vitano vya matete, vyote sawa, kana kwamba vilizaliwa siku moja. Meno alikuwa hana, aibu pia hana. Alipokuwa akisuka alinisimulia mambo ya wanaume wa ujana wake ambayo siwezi kuyaandika hapa, na alipomaliza aliniambia, "Sasa kwenda ukatubu kwa padri, ye pia iko na hamu ya kusikia." Kichwa changu hiki kibovu nilikirithi kwake. Kila mtu alisema hivyo, na yeye alifurahi.

Vikapu vilizamishwa mtoni, kwenye maji yaliyotulia, vikafungwa kwenye vigingi. Kila kikapu kilikuwa na kamba yake ya ganda la mgomba kwenye mpini, na kila asubuhi mwenye kazi alishuka kufunga fundo moja. Kiangazi, mafundo matatu. Masika, maji yakiwa baridi, mafundo manne, na asubuhi inayofuata mihogo inatolewa. Mama hakuwa na mchezo na kamba zile. Dada yangu alipokuwa mdogo alitoa kikapu mapema kwa sababu mihogo ilionekana laini kwa juu. Mama akaimwaga yote, akamwambia, "Mukono inaweza kukudanganya. Kamba haidanganye." Mimi niliisikia sentensi hiyo mara nyingi kuliko Baba Yetu.

Masika yale dada yangu alikuwa na miaka kumi na saba. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, kama inavyotakiwa, na yeye aliniita kichwa ya mbuzi, kama alivyotaka. Alikuwa na shauri moja tu kichwani: awe na mihogo yake. Mjane mmoja wa Kilembwe, mwanamume mzima aliyezika mke, alikuwa amekuja mara mbili na mbuzi zake kumposa. Baba alituma maneno kutoka Albertville: kama msichana ana kazi yake, aachwe angoje; kama hana, aolewe. Na mama akamwekea yaya mtihani. Mama alikuwa anapanda Fizi kwenye kilio cha kaka yake, juma zima. Akamwambia, "Toa zamu moja peke yako, kutoka shambani mpaka kwenye gunia. Nikirudi nikute bunga nzuri, vikapu viwili ni vyako, na kipande cha shamba la juu. Hapo nitamujibu baba yako mwenyewe."

Siku ile ile mama alipogeuka kona, yaya alianza kuongea kwa sauti ya mama. Lete beseni. Toa magugu. Usikalie kinu, we ni mwanamuke? Nilibeba mihogo toka shambani mpaka shingo ikaingia mabegani. Nilipolalamika alisema, "Ukiwa mukubwa, utanishukuru." Ni neno hilo, rafiki yangu. Lilinikaa kooni.

Ndipo mvua ikanyesha mchana mmoja na mto ukaanza kupanda. Yaya alikuwa shambani. Bibi akanipigia kelele nishuke kuhamisha vikapu kwenye maji ya juu, visichukuliwe. Nikashuka. Nikavibeba kimoja kimoja, nikavipanga upya, na hapo nikaona kwamba sasa hakuna mtu duniani anayeweza kujua kipi ni kipi isipokuwa kwa kamba. Kimoja kilikuwa na mafundo manne, cha kutolewa kesho. Kimoja kilikuwa na fundo moja, yaya alikuwa amekiingiza siku iliyotangulia.

Umeshajua nilichofanya.

Nilipanga hivi: kesho asubuhi yaya atatoa mihogo migumu kama kuni, atahangaika nayo, atatokwa na jasho, na mimi nitaangua kicheko na kumwambia, ona, mama mdogo, kazi imekushinda. Basi. Mpango wote ulikuwa huo.

Asubuhi tulishuka pamoja. Akakivuta kikapu chenye mafundo manne, akachukua muhogo, akauminya. Akachukua mwingine. Mihogo iliyoiva majini ganda lake linateleza lenyewe, kama soksi. Ule haukuteleza. Akachomoa kisu.

"Mbona iko nguvu hivi?"

"Mvua ilinyesha," nikasema. "Maji iko baridi."

"Hata kama. Angalia, ndani iko kama ya jana."

Alinitazama. Ilikuwa ni wakati wangu wa kucheka, nilikuwa nacho kicheko tayari nyuma ya meno. Lakini alivyokunja uso ilikuwa tamu, nikataka kidogo tena. Nikaiga sauti ya mama, na kidole nimekiinua: "Mukono inaweza kukudanganya! Kamba haidanganye! Au we unabishana na kamba ya mama?"

Akahesabu mafundo. Mara mbili. Kisha akaanza kumenya kwa kisu, na kengele ya shule ikalia. Mwalimu wetu alikuwa na fimbo ya wachelewaji aliyoipa jina la mke wake. Nikakimbia. Nitamwambia mchana, nilijisemea, itachekesha zaidi.

Darasani nilikumbuka uso wake na kisu, nikacheka kwa sauti katikati ya hesabu. Mwalimu akaniuliza ni hesabu gani iliyonifurahisha. Nikamwambia zote. Nilichapwa, na nikapelekwa kupalilia pamba ya shule mpaka jua likakaribia milima. Nilipofika nyumbani mihogo ilikuwa imeshakatwakatwa na kutandazwa kwenye utaa juu ya moto, maana kwa mvua ile hakukuwa na jua la kukaushia. Yaya alikuwa na malengelenge vidoleni. Alikuwa anaimba.

Hapo ndipo mahali penyewe. Watu wakidhani kosa langu ni kamba, nawaacha wadhani. Kamba ilikuwa utoto. Lakini nilisimama mlangoni pa jikoni, moshi unanitoa machozi, najua. Kila mtoto wa Fizi anajua kwa nini mihogo michungu inalowekwa. Mbuzi akiila mbichi tunamkuta amelala na povu. Nilijua, na nikahesabu mambo yangu: nikisema, atamwaga yote, mama atarudi akute gunia tupu, vikapu viwili vimekwenda, Kilembwe imekuja, na mimi nitapigwa na watu watatu kwa zamu. Nikajiambia kunyamaza ndiyo kumsaidia. Nikajiambia moto utaitoa sumu. Nikajiambia aliiacha siku mbili majini, siku mbili ni kitu. Siku ya kwanza ilikuwa vigumu kusema. Ya pili ilikuwa vigumu zaidi. Ya tatu yaya alikuwa anatwanga, na unga ukatoka mweupe, mweupe kuliko wa mama, nikaona aah, Mungu mwenyewe amerekebisha.

Sasa, kuna desturi kwetu. Unga wa kwanza wa msichana, ule alioutoa kwa mkono wake mwenyewe, hauuzwi kabla haujaliwa nyumbani, na anayekula wa kwanza ni mwanamke mkubwa kuliko wote. Anakaa mbele ya mlango, majirani wanaona. Akimaliza sahani, unga umepita. Mama alikuwa anafika siku ile jioni kutoka Fizi, na yaya alitaka amkute bibi ameshakula, gunia limefungwa.

Ilikuwa saa sita mchana. Jirani yetu, mama mmoja mwenye macho ya kuona kila kitu, alikuja na kigoda chake. Yaya akasonga bugali, akauleta na ndagala za ziwani. Alikuwa amejifunga kitenge cha mama. Bibi akanawa, akakata tonge, akatia mdomoni. Akatafuna kwa ufizi.

Akaacha kutafuna.

Nilimwona. Alinyanyua macho, akamtazama yaya, ambaye alikuwa amekunja mikono kifuani kama anapokea komunyo. Bibi akameza.

"Koko, iko namna gani?" yaya akauliza.

"Hii bugali iko na hasira," bibi akasema. "Sawasawa na mwenyewe."

Jirani akacheka mpaka akashika mbavu. Yaya akacheka. Bibi akakata tonge lingine, na lingine. Sahani ilipokwisha, yaya aliuliza kama aondoe, na bibi akasema, "Uondoe nini? Weka ingine." Alitaka jirani asikie. Mpaka leo naamini hivyo. Ulimi wake ulikuwa mzima, mzee yule. Alijua uchungu ni nini. Aliula kwa sababu msichana alikuwa anamtazama.

Yaya naye akala kidogo. Akanipa mimi. Nikasema tumbo linaniuma.

"Tumbo ya uvivu," bibi akasema, akiniita kwa mkono. "Kuya ule."

"Nitakula kesho, koko."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Mimi mwenye mdomo mrefu.

Kichwa kilianza kumuuma kwanza. Kisha akatapika, kisha akawa anavuta pumzi kama mtu aliyekimbia kutoka Mboko. Yaya naye akatapika nyuma ya nyumba, lakini yeye alikuwa kijana na alikula kidogo. Wanaume wakamlaza bibi kwenye machela kumpeleka dispensari, mimi nikitangulia kufungua njia. Hatukufika. Jua lilikuwa bado halijagusa milima. Mama alitukuta njiani, anateremka kutoka Fizi na kilio kingine bado machoni, akakuta cha pili kimebebwa.

Muuguzi wa dispensari alikuja nyumbani. Akachovya kidole kwenye unga, akalamba, akatema. Akauliza, "Nani aliloweka hii?"

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Ningeweza kumgusa.

"Ni mimi," yaya akasema.

Asubuhi ya pili yaya alishuka mtoni kwenye vikapu vilivyobaki, nami nikamfuata kwa sababu sikujua pengine pa kukaa. Alikivuta kimoja kilichokuwa na mafundo manne, cha kutolewa siku ile. Ndani hamkuwa na mihogo. Mlikuwa na uji mweusi, umeoza, umekaa majini siku nyingi kuliko kamba ilivyosema. Alishika ile kamba kwa muda. Kisha alinitazama, naye alikuwa anajua ni nani aliyehamisha vikapu siku ya mvua, hakuna mwingine. Nikangoja. Akasema tu, "Kuya unisaidie kumwaga." Tukamwaga. Nikajidanganya kwamba hakuelewa.

Baada ya pale hakuna aliyenunua unga wetu. Wanawake walipita na mabeseni yao, wakitusalimu kwa upole, upole ule wa kuumiza. Sokoni Baraka watoto walimwita yaya Bunga Kali. Baba alikuja kwenye matanga na shati jeusi. Mjane wa Kilembwe akaja mara ya tatu, na safari hii hakuna aliyemwambia angoje. Yaya mwenyewe ndiye aliyesema ndiyo, kabla hajaulizwa. Aliondoka baada ya mavuno ya karanga, kwa miguu, beseni kichwani. Tulipofika mwisho wa shamba alinivuta sikio, kwa nguvu, kama zamani.

"Soma, kichwa ya mbuzi," akasema.

Imepita miaka mitatu. Wachuuzi wanaotoka Kilembwe wanasema ana mtoto, analima mpunga wa mume wake, na mihogo michungu haigusi hata kwa jembe. Vikapu vya bibi vimeoza kimoja baada ya kingine; cha mwisho kilitoka kitako mwaka jana mikononi mwangu, na hakuna mtu nyumbani anayejua kusuka. Tunatumia magunia ya pamba. Kamba za mgomba mama alizichoma zote. Mihogo naipima kwa vidole, kisha kwa pua, kisha kwa ulimi. Vinu viwili vimegeuzwa, kuku wanalala juu yake. Kilichobaki kinalia peke yake, na anayetwanga ni mimi, likizo zote na kila Jumamosi, na wenzangu wa shule wakipita wananiita mama muuza bunga. Nawajibu, karibuni wanangu, mnyonye. Wanacheka. Wateja wamerudi, polepole. Sijui vicheshi vingine vinatoka wapi, vinakuja tu, kama jasho.

Lakini sijamaliza habari ya kigoda na bugali mtupu. Siku ile yaya alipoondoka, jioni, mama alikuwa nyuma ya jikoni anaosha masufuria yaliyokuwa safi. Nikasimama mbele yake nikasema yote: mvua, kamba, kisu, kengele, utaa, tumbo lisiloniuma. Nilisema kwa kulia na kamasi, mpaka maneno yakaisha. Hakuinua mkono kunipiga. Alifuta sufuria, akaigeuza kifudifudi juu ya jiwe, akasema:

"Yaya yako alijua yote mbele ya miye kujua. Ni kile kikapu kyenye kilioza ndo kilimwambia. Alinikamata mikono, akasema, mama, usimuseme, ye iko na masomo, miye nitaenda kwenye batu habanijue. Basi usinililie hapa, machozi yako haina kazi. Kamata kikapu. Kuanzia leo ni we utaloweka, ni we utatwanga. Na bunga yote yenye itatoka mu mikono yako, utaikula wa kwanza, mbele ya mulango, sahani muzima, mi niko naangalia."